GETI LENU LINA STOPA?

Kurasa hizi zimezoea kukuletea habari za malaria, UKIMWI na mimba za utotoni. Leo tuongee kuhusu geti. Ndiyo, geti! Lile la chuma pale nyumbani kwenu, ambalo unalisukuma kila jioni baba au mama anapopiga honi nje.

Najua wapo wanaocheka. Geti na afya wapi na wapi? Lakini hebu jiulize: ni kitu gani pale nyumbani kina uzito kuliko mtu yeyote wa familia, kinatembea mara kumi kwa siku, na watoto wadogo wanakichezea bila mtu kushtuka? Jiko tunawakataza. Kisima tunakifunika. Dawa tunazifungia kabatini. Geti tunawaachia. Na magazeti ya Tanzania na Kenya yamewahi kuandika, tena si mara moja, habari za mtoto aliyeangukiwa na geti nyumbani kwao au shuleni.

Nitaongea zaidi juu ya geti la kusukuma, lile linalotembea juu ya reli kwenda pembeni, kwa sababu ndilo linaloua. Yale ya milango miwili yenye bawaba nayo yana vituko vyake, nitayagusa baadaye.

Tulipime geti kwa kalamu

Chukua daftari la fizikia. Tuseme geti lenu lina upana wa mita 4 na urefu wa mita 2, na bati lake ni la milimita 1.5. Eneo ni mita za mraba 8, sawa na sentimita za mraba 80,000. Zidisha kwa unene, yaani sentimita 0.15, unapata sentimita za ujazo 12,000. Chuma kina gramu 7.85 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Kwa hiyo bati peke yake ni kama kilo 94. Bado hujaweka fremu. Vyuma vya mraba vya kuzungushia na vya kukatiza katikati, kama mita 16 hivi, vinaongeza kilo zisizopungua 45. Jumla unakaribia kilo 140. Hiyo ni karibu mifuko mitatu ya saruji, kabla fundi hajaongeza maua, mikuki ya juu na jina la ukoo!

Sasa hizo kilo 140 zimesimama juu ya nini? Magurudumu mawili, yote kwenye mstari mmoja. Ni kama baiskeli isiyo na mtu wala stendi. Ukiiacha baiskeli hivyo inaanguka. Geti haliangukii upande kwa sababu moja tu: kule juu, kwenye nguzo, kuna viroli viwili au vipande vya chuma vinavyolishika huku na huku lisilale. Hivyo ndivyo vinavyookoa maisha, na wengi wetu hatujawahi hata kuinua macho kuvitazama.

Geti likitoka kwenye vile vishikizo, hakuna tena kinachoweza kulizuia. Linaanza kulala taratibu, halafu kwa kasi. Ukipiga hesabu ya geti la mita 2 linaloanguka kutoka wima, ukingo wake wa juu unafika chini kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 25 kwa saa. Kilo 140 kwa mwendo huo, juu ya mtoto wa miaka mitatu.

Stopa ndiyo kila kitu

Je, geti hutokaje kwenye vishikizo? Mara nyingi ni kwa sababu halina stopa, au ilikuwepo ikang'oka. Stopa ni kipande cha chuma kilichochomelewa au kuchimbiwa mwisho wa reli ili geti lisipitilize. Kila upande unatakiwa uwe nayo. Geti lisipokuwa na stopa, ukilisukuma kwa nguvu linapita mwisho wake, ukingo wa nyuma unachomoka kwenye vishikizo vya juu, na kazi imekwisha.

Na kwa nini tunalisukuma kwa nguvu? Kwa sababu reli imejaa mchanga, beringi za magurudumu zimekufa, na baba ana haraka huko nje, honi ya tatu hiyo. Basi unarudi nyuma hatua mbili, unalisukuma kwa mbio. Geti linagoma, linagoma, halafu ghafla linaachia na kukimbia lenyewe. Huo mkimbio wa mwisho ndio wenye hatari.

Wakati mwingine stopa huwekwa vizuri, halafu siku lori la mchanga linapokuja linashindwa kupita. Mtu anaikata stopa ili geti lifunguke zaidi. Lori linaondoka, nyumba inakamilika, watu wanahamia, watoto wanazaliwa. Stopa hairudi. Kama kwenu ujenzi umekwisha miaka ya karibuni, hapo ndipo pa kuanzia kuangalia.

Kinachoniudhi mimi ni kwamba stopa ni kitu rahisi mno. Ni kipande cha chuma cha kushika mkononi na dakika chache za fundi wa kuchomelea. Watu wanalipia rangi ya dhahabu kwenye mikuki, stopa wanaona ni gharama.

Ukaguzi wa Jumamosi asubuhi

Huu usiufanye peke yako. Muite mtu mzima, waondoe wadogo zako wakae ndani au barazani, na geti liwe limefungwa unapoanza.

Anza na mwisho wa reli, pande zote mbili. Stopa ipo? Ipige teke kidogo. Inacheza? Inayocheza ni sawa na isiyokuwepo. Kisha inua macho kwenye nguzo. Viroli vya juu vimelishika geti kwa kina cha kutosha, au vinagusa ncha tu? Boliti zimekaza? Mfungueni geti polepole, mtu mzima akilishika, wewe ukitazama kwa mbali. Likifika mwisho kabisa, je, bado liko ndani ya vishikizo vyote? Hapo ndipo siri ya mageti mengi inapojulikana: likiwa limefungwa liko imara kabisa, likiwa wazi limeshikwa na kiroli kimoja tu.

Halafu reli. Fagia mchanga na kokoto. Kokoto moja inatosha kuliruka gurudumu. Reli ikiwa imepinda kwa sababu magari yanaikanyaga kila siku, fundi ainyooshe. Sikiliza pia sauti. Geti zima linanguruma kwa chini. Likipiga kelele za kukwaruza, au gurudumu likiyumba kama tairi lenye nati zilizolegea, beringi zimekwisha.

Mwisho ni kutu. Wenzangu wa Tanga, Mtwara, Zanzibar na sisi wa Dar es Salaam upande wa Mbezi Beach na Kigamboni, hili tulitilie maanani zaidi kwa sababu upepo wa bahari una chumvi, na chumvi inakula chuma haraka. Kutu huanzia chini, pale maji ya mvua yanapotuama ndani ya vyuma vya mraba. Rangi inaweza kung'aa nje huku ndani pameoza. Gonga kwa kijiko karibu na magurudumu. Sauti ikibadilika, au rangi ikibonyea, mwite fundi.

Mkikuta kasoro, msijaribu kulinyanyua wenyewe. Lifungeni, lizungushieni mnyororo kwenye nguzo, na mtumie kimlango kidogo cha watu mpaka fundi aje. Ndiyo, gari litalala nje siku hiyo. Mlinzi atakaa nalo.

Kwa nini watoto?

Mtu mzima huangukiwa pia, lakini anayekufa mara nyingi ni mtoto. Sababu ni mbili.

Ya kwanza, mtoto yupo pale. Kwenye nyumba zetu nyingi uwanja wa kuchezea ni ule ule wa kuegesha gari, na geti ndilo goli. Wengine wanalipanda wamshangilie baba anaporudi. Wengine wanasimama kwenye chuma cha chini wakati kaka mkubwa analisukuma, waende nalo kama treni. Labda na wewe umewahi kumbeba mdogo wako hivyo. Huo mchezo ukome leo.

Ya pili ni mwili wenyewe. Mbavu za mtoto bado ni laini, zinapinda badala ya kuvunjika. Unaweza kudhani hiyo ni nafuu, lakini maana yake ni kwamba uzito unapita moja kwa moja hadi ndani, kwenye mapafu, ini na bandama, hata kama nje huoni jeraha wala mfupa uliovunjika. Tena kichwa cha mtoto ni kikubwa ukilinganisha na mwili wake, na shingo yake bado haina nguvu. Hili likumbuke, nitalirudia kwenye huduma ya kwanza.

Kuna suala la gari pia. Baba anaporudisha gari nyuma kutoka, au hata anapoingia mbele, mtoto mfupi haonekani kwenye vioo. Wewe unayefungua geti ndiye macho yake. Kabla hujaligusa geti, hesabu watoto. Wako watatu? Nionyeshe watatu, wakiwa barazani, au mmoja umemshika mkono. Kama idadi haitimii, gari lisubiri. Honi ipigwe hata mara kumi.

Na hapa niseme neno kuhusu dada wa kazi. Ajali ikitokea, wa kwanza kulaumiwa ni yeye. "Ulikuwa wapi?" Lakini yule dada ana sufuria jikoni, nguo kwenye beseni, mtoto mgongoni, na anaitwa na honi. Yeye siye aliyelikata stopa. Kufungua geti na kuangalia watoto ni kazi za watu wawili. Kama upo nyumbani, moja ni yako.

Mageti ya milango miwili yanaua mara chache zaidi lakini yanakata vidole. Upande wa bawaba ndio mbaya, kwa sababu mwanya unapanuka geti likiwa wazi, mtoto anaingiza vidole, upepo unalibamiza. Muwe na ndoano ya kulishikia likiwa wazi. Na bawaba ya juu ikianza kulegea msisubiri ya chini nayo ifuate.

Yenye rimoti

Siku hizi mageti ya umeme yamekuwa mengi. Watu wanadhani yakishakuwa ya umeme basi ni salama. Mota haina macho. Mwaka 2010 nchini Uingereza watoto wawili, mmoja Manchester na mwingine Bridgend, walikufa ndani ya wiki moja kwa kubanwa na mageti ya umeme yaliyokuwa yanajifunga. Ni nchi yenye wakaguzi na sheria kali.

Geti la umeme lazima liwe na vitu viwili: macho ya umeme kwenye nguzo, yanayolisimamisha kitu kikikatiza mbele yake, na mpangilio wa mota unaolifanya lisimame au lirudi likikutana na kizuizi. Mwambie baba alijaribu kwa boksi tupu, si kwa mguu. Kama boksi linapondeka, fundi aitwe siku hiyo hiyo. Jueni pia kifungulio cha mkono kiko wapi, kwa sababu umeme ukikatika mtu akiwa amebanwa, rimoti haisaidii kitu. Na rimoti si ya kuchezea. Stopa zinahitajika hata hapa!

Wachache wenu mna banda la gari lenye mlango unaopanda juu (banda la nyumbani, siyo gereji ya mafundi). Mlango ule unabebwa na springi zilizokazwa kwa nguvu kubwa sana. Springi za kawaida hutengenezwa kwa kufungua na kufunga kama mara 10,000 hivi, kwa hiyo mkiutumia mara nne kwa siku ni karibu miaka saba. Ikikatika, mlango unashuka kama jiwe. Usiiguse, usiipake chochote, usikubali fundi wa kubahatisha aifungue. Marekani waliona watoto wakifa chini ya milango hii, wakatunga sheria mwaka 1990 kwamba mashine zote za kuifungulia nyumbani zinazotengenezwa kuanzia 1993 ziwe na uwezo wa kurudisha mlango juu ukigusa kitu. Mjaribu na nyinyi: lazeni kipande cha mbao cha unene wa sentimita 4 sakafuni, mshusheni mlango. Ukikigusa na usirudi juu, msiutumie kwa mashine. Pia gari lisiwashwe ndani ya banda lililofungwa, gesi iliyomo kwenye moshi wake inaua bila harufu ya kukushtua.

Utamwambiaje baba?

Hapa ndipo vijana wengi wanakwama. Umekagua, umeona, lakini utaanzaje kumwambia mzee kwamba geti alilojengea kwa mkopo lina kasoro? Usianzie mezani mbele ya wageni. Usianze na "wewe baba". Mngoje ametulia, umpeleke akaone kwa macho yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Shule vipi?"

"Nzuri baba. Naomba nikuonyeshe kitu hapa getini, dakika moja tu. Hapa mwisho hamna stopa. Likisukumwa sana linachomoka kule juu."

"Geti hili lina miaka sita. Limewahi kuanguka?"

"Halijawahi baba. Ila zamani lilikuwa jepesi, mtoto mmoja analifungua. Sasa hivi tunalisukuma wawili kwa mbio. Na huyu mdogo ameanza kutembea, anakuja mpaka hapa."

Ona alivyofanya. Hakubisha kuhusu miaka sita, alisema kilichobadilika. Na alimtaja mdogo wake. Baba akisema "tutaona mwisho wa mwezi", omba angalau mnyororo na kimlango kidogo kitumike mpaka hapo. Mama akiwa upande wako, mambo huenda haraka zaidi, hilo nalo unalijua.

Kama mmepanga, wazazi wa wapangaji wote waende kwa mwenye nyumba pamoja. Mpangaji mmoja akilalamika ataambiwa ahame. Wakienda wanne na picha waliyopiga kwa simu, ni jambo jingine. Akizungusha, wachange. Inauma kuchangia geti la mtu, lakini watoto si wa mwenye nyumba.

Likianguka

Ukiona geti linaanza kulala, usilizuie. Hata wanaume wawili hawaliwezi. Mvute aliye karibu, kimbia, piga kelele.

Kama mtu yuko chini yake, ita watu kwa nguvu zako zote. Linyanyuliwe na watu wengi kwa pamoja, kwa hesabu ya moja, mbili, tatu, juu na lisiburutwe. Wengine wasukumie matofali au magogo chini yake lisirudi. Kama watu ni wachache, jeki ya gari inafaa. Mmoja apige simu 114, Zimamoto na Uokoaji, au 112. Asitolewe kwa kuvutwa mkono au mguu wakati geti bado limemlalia.

Akishatoka, kama anapumua, mlaze chali kwenye kitu kigumu, kwa mfano mlango wa chumba au ubao, na mtu mmoja ashike kichwa chake kisigeuke. Usimkalishe uone kama yuko sawa. Akitaka kutapika, mgeuzeni mwili mzima kwa pamoja, kichwa na kiwiliwili kama gogo. Damu ikitoka, kandamiza kwa kitambaa safi bila kuachia. Usimpe maji, soda wala chai, huenda akahitaji upasuaji. Kidole kikikatika kabisa, kifunge kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kitie kwenye mfuko wa plastiki, mfuko huo uuweke juu ya barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu. Nendeni nacho hospitali.

Na kama mtoto amesimama, analia kidogo, anasema haumwi? Nendeni hospitali hivyo hivyo. Ule ulaini wa mbavu ndio sababu. Ini au bandama inaweza kuvuja damu kwa saa kadhaa huku nje hakuna kitu. Akiwa mweupe midomoni, tumbo likijaa na kuwa gumu, akisinzia, akitapika au akihema haraka haraka, kila dakika ina thamani. Suala la PF3 mtu mmoja alikimbilie polisi huku mtoto anapelekwa kwa daktari, msimpitishe kituoni kwanza.

Mkifika, usikae kimya kwa sababu wewe ni mwanafunzi. Mwambie daktari kwamba geti la chuma lilimwangukia, ilikuwa saa ngapi, lilimlalia wapi, kifua, tumbo au kichwa, lilikaa juu yake kwa muda gani, na kama alipoteza fahamu hata kidogo. Mtu mzima aliyekuja naye huenda hakuwepo. Wewe ulikuwepo.